Gitaa Lililozeekea Kashani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kasha lilipofunguliwa mezani kwangu nilikosea kabla hata sijashika rula. Nilimwambia mwenye mali, "Hili halihitaji kazi. Badilisha nyuzi, ulipige." Nilikuwa nimelitazama dakika mbili tu, na macho yalikuwa yameshashiba.

Lilikuwa Martin D-18, gitaa la kampuni ya Kimarekani ya Martin. Nambari iliyogongwa ndani, kwenye kipande cha mbao kinachoshikilia shingo, iliangukia katika fungu la mwaka 1962. Martin wanahesabu magitaa yao kwa mfululizo tangu 1898, kwa hiyo umri wa gitaa lao haubishaniwi sana: unachungulia kwenye tundu la sauti kwa tochi na kioo, unasoma, unalinganisha na orodha, basi. Uso ulikuwa wa mbao ya sprusi, mgongo na mbavu za mahogani. Ubao wa vidole na daraja, kile kipande cha usoni kinachoshika mwisho wa nyuzi, vilikuwa vya ile mbao ya Brazili yenye weusi uliochanganyika na hudhurungi, Dalbergia nigra kwa jina la kitaalamu, ukoo mmoja na mpingo.

Herufi D ni ya Dreadnought, jina lililochukuliwa kutoka kwa manowari ya Uingereza, kwa sababu umbo hili lilipotokea mwaka 1916 lilionekana kubwa kupita kiasi. Martin walilitengeneza kwanza kwa ajili ya kampuni nyingine, Oliver Ditson, na halikuvuma. Shingo yenye freti 14 nje ya mwili, yaani vile vijiti vya chuma vinavyokingama kwenye ubao wa vidole, ilikuja mwaka 1934, na leo umbo hilo ndilo watu wengi huliona kichwani wakisikia neno gitaa.

Hili la mezani lilikuwa safi kiasi cha kutia shaka. Vanishi iling'aa. Vigingi vya kukazia nyuzi vilikuwa vilevile vya kiwandani, kila skrubu katika tundu lake la kwanza, hakuna tundu la pili pembeni. Mgongoni, mahali ambapo pingili ya mkanda huchuna, hapakuwa na kitu. Sprusi ilikuwa bado nyeupe-njano kuliko sprusi ya umri wake, kwa maana mbao hiyo huiva rangi kwa mwanga, na hili lilikuwa limekaa gizani. Nilizima taa nikalimulika kwa taa ya urujuanimno. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi hutoa mng'ao wa kijani-njano chini ya taa hiyo, na sehemu iliyopakwa upya hubaki kama doa. Mwili mzima uling'aa sawasawa. Hakuna aliyewahi kulipaka.

Mwenyewe alikuwa kijana mpole, aliyerithi gitaa kwa baba yake mkubwa. Mzee alilinunua likiwa jipya, akalipiga miaka michache, kisha maisha yakamchukua kwingine. Lakini hakulitelekeza. "Kila mwaka alikuwa analitoa, fundi," kijana aliniambia, na nilisikia fahari sautini mwake. "Analifuta kwa kitambaa laini, anakaza nyuzi mpaka sauti kamili, anapitisha vidole mara mbili tatu, anarudisha. Hatukuruhusiwa kuligusa."

Nilipaswa kusimama pale pale kwenye maneno "anakaza nyuzi mpaka sauti kamili". Sikusimama. Nilistuka baadaye, nilipotaka kumwonyesha kijana jinsi lilivyo jepesi kulipiga. Nilibana freti ya tano, nikahisi uzi unanikata kidole. Ndipo nikachukua rula.

Kimo cha uzi mnene juu ya freti ya 12 kilikuwa milimita 3.9. Gitaa la aina hii hukaa vizuri kwenye milimita 2.3 au 2.5 upande wa nyuzi nene, pungufu kidogo upande wa nyembamba. Kwa anayetazama picha, tofauti ya milimita moja na nusu si kitu. Kwa mkono, ni tofauti kati ya kupiga saa mbili na kuacha baada ya dakika kumi.

Kimo peke yake hakisemi tatizo liko wapi. Huenda shingo imepinda, huenda uso umevimba, huenda aliyekuwa nalo aliweka kijifupa kirefu, kile kinachobeba nyuzi, kwenye daraja. Kipimo kinachotenganisha hayo ni rahisi mno, hata naona haya kwamba sikukifanya kwanza. Unalaza rula ndefu ya chuma, iliyonyooka kweli, juu ya freti zote, ukaielekeza kwenye daraja. Shingo ikiwa kwenye pembe yake, ncha ya rula itatua juu ya mbao ya daraja, au itapita juu yake kwa unywele. Hapa ncha iligonga ubavu wa daraja, milimita tatu chini ya mgongo wake. Shingo yenyewe ilikuwa imenyooka. Kilichohama ni pembe kati ya shingo na mwili.

Sasa rudi kwa yule mzee na kitambaa chake laini. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa mpaka sauti kamili huvuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 70 hadi 80 hivi, yaani mtu mzima mmoja ananing'inia kati ya kichwa cha gitaa na daraja usiku na mchana. Anayebeba mvuto huo ni uso wa sprusi wenye unene wa milimita tatu hivi, ulioungwa kwa ndani na vijiti viwili vikubwa vilivyokingamana kama herufi X na vingine vidogo pembeni, mfano wa mataruma ya jahazi. Daraja linavutwa kuelekea kichwani, kwa hiyo linataka kupinduka: uso nyuma yake unanyanyuka, mbele yake unazama. Huku juu, kipande cha mbao kinachoshika shingo nacho kinaegemea ndani, kuelekea tundu la sauti. Hakuna kinachovunjika. Mbao inakubali kidogo kidogo, sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka, na baada ya miongo kadhaa umbo zima limekuwa jingine.

Simlaumu mzee. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma hufika hapa baada ya miaka 30 au 50, yawe yamepigwa au yamefungiwa. Nililotaka kijana alielewe ni tofauti nyingine. Gitaa linalopigwa kila wiki lingelalamika mapema. Mpigaji angehisi kidole kinauma, angelipeleka kwa fundi, pengine lingekuwa limesharekebishwa mara mbili kabla halijafika kwangu. Hili lilivutwa kimya kimya, na mng'ao wake ukamfanya kila aliyelitazama, mimi nikiwemo, aamini kwamba halijahama. Kutopigwa hakukulinda kiungo cha shingo. Kulichokifanya ni kuficha dalili.

Kijana aliuliza swali ambalo wengi huuliza: hakuna nati ya kuzungusha ili kuinyoosha shingo? Hakuna. Martin waliweka fimbo ya kurekebisha shingoni mwaka 1985. Katika miaka ya 1960 ndani ya shingo kulikuwa na kipande cha chuma kisichorekebishwa. Na hata nati ingekuwepo, ingenyoosha upinde wa shingo tu. Pembe ya kiungo haiifikii. Nimewahi kuona watu wakizungusha nati kwenye magitaa mapya zaidi mpaka inakatika, wakitafuta ugonjwa ambao hauko hapo.

Njia ya pili waliyomwambia wengine kabla hajaja kwangu ilikuwa kukipunguza kile kijifupa cha daraja. Hesabu yake ni fupi. Ukitaka nyuzi zishuke milimita 1.5 kwenye freti ya 12, ambayo iko katikati ya urefu wa uzi, lazima ushuke milimita 3 kule mwisho. Kijifupa chake kilitokeza juu ya mbao kwa milimita 3 kamili. Kingebaki sawa na daraja, nyuzi zisipate mteremko wa kukibana, na sauti ingekufa.

Ya tatu ndiyo iliyonikasirisha. Mtu alimshauri alipige randa daraja lenyewe, lipungue unene, ili kijifupa kipate nafasi tena. Hii ni kazi ya saa moja na kwa miaka michache inaonekana imefaulu. Lakini daraja la mbao ya Brazili la 1962 halirudishwi likishakuwa vumbi. Uzito wake na unene wake ni sehemu ya sauti ya gitaa lile. Na bado ugonjwa uko kiungoni, unaendelea.

Iliyobaki ni kuitoa shingo, kuichonga upya pembe yake, na kuirudisha. Hapo ndipo kisa kilipopata upande wa pili, kwa sababu kijana alikuwa na mnunuzi.

Mnunuzi huyo, wa nchi nyingine, alikuwa ameona picha na ametuma ujumbe wenye sharti moja: lisiguswe. Soko la magitaa ya zamani lina ibada yake, na neno "halijaguswa" ndilo takbiri yake. Kuna sababu ya haki. Gitaa likipakwa vanishi mpya thamani yake huporomoka, na vigingi vilivyobadilishwa, daraja lililobadilishwa, kila kimoja kinakata kipande. Lakini ibada hiyo imechanganya mambo mawili. Vanishi ikishakwanguliwa imekwenda. Kiungo cha shingo kwenye Martin ya zama zile kilitengenezwa kikiwa na njia ya kutokea: ulimi wa mbao uliochongwa mpana mwishoni, umeingia kwenye mfuko wake na kushikwa na gundi ya ngozi za wanyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevu. Kuifungua tena ni kama kufungua mlango kwa ufunguo wake. Kwa maoni yangu, anayelinunua gitaa la miaka sitini ambalo shingo yake haijawahi kurekebishwa ananunua kazi ambayo haijalipwa, na muuzaji mwaminifu humwambia hivyo.

Nilimwambia kijana pia kuhusu mpaka, jambo ambalo mnunuzi hakuligusia. Dalbergia nigra iko katika Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, ngazi kali kuliko zote. Mwaka 2017 karibu ukoo mzima wa Dalbergia uliingizwa katika udhibiti, kisha mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaachiliwa, ila ile ya Brazili ilibaki palepale. Watu hudhani jambo hili linawahusu wenye magitaa ambayo mgongo mzima ni wa mbao hiyo. Hili lilikuwa la mahogani, na bado ubao wa vidole na daraja vilitosha kulikwamisha forodhani bila hati ya kuthibitisha kwamba mbao ilivunwa kabla ya udhibiti. Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi tutengeneze kwanza, ya mnunuzi yatajulikana."

Kabla ya shingo kulikuwa na jambo dogo usoni. Karibu na tundu la sauti kuna kile kibamba cha rangi ya gamba la kobe kinachokinga mbao na kucha. Cha gitaa hili kilikuwa cha seluloidi, na seluloidi husinyaa kwa miaka. Kilikuwa kimejikunja kutoka kwenye mipaka yake, kikaacha ukingo mwembamba wa mbao tupu kukizunguka, kwa kuwa Martin wa enzi ile walikigandisha moja kwa moja kwenye sprusi kabla ya vanishi, desturi waliyoendelea nayo mpaka miaka ya 1980. Kinaposinyaa kinavuta mbao. Kwenye ukingo wake kulikuwa na mstari ambao kijana aliudhani ni unywele. Nilibonyeza upande mmoja kwa kidole gumba, mstari ukafunguka. Ufa wa sentimita sita. Ufa huu unafahamika sana kwa wanaoshughulika na Martin za zamani, na gitaa linaweza kuupata likiwa limelala chali kashani bila mtu kulitendea ubaya wowote.

Nilikiinua kibamba kwa kisu chembamba na joto la chini kabisa, bila moto wa aina yoyote karibu, maana seluloidi huwaka kama imelaaniwa. Kilipoachia tu, ufa ulijifunga wenyewe. Niliupitishia gundi ya ngozi ya moto, nikaweka kwa ndani vipande vitatu vidogo vya sprusi vilivyokingama na nyuzinyuzi za mbao, nikaipaka ile mbao tupu vanishi nyembamba ili isinywe unyevu, kisha nikakirudisha kibamba kilekile kwa utando wa gundi unaoruhusu kucheza kidogo. Ule ukingo mtupu bado unaonekana. Sikuuficha.

Nikaja kwenye shingo. Kwanza hesabu, ambayo naipenda kuliko kazi yenyewe. Urefu wa uzi wa gitaa hili ni milimita 645. Kutoka freti ya 14, pale shingo inapokutana na mwili, hadi kwenye kijifupa cha daraja ni milimita 287. Kisigino cha shingo kilikuwa na kina cha milimita 95. Nilitaka ncha ya rula ipande milimita 3 darajani. Zidisha 3 kwa 95, gawanya kwa 287: unapata milimita moja, upungufu usio na maana. Kumbe miaka sitini ya mvuto, kidole kinachouma, mnunuzi na majadiliano yote yale, dawa yake ni kuondoa milimita moja ya mahogani chini ya kisigino, ikipungua mpaka sifuri kule juu.

Niling'oa freti ya 15, kwa sababu chini yake ndipo ulipo uwazi wa ule mfuko. Nikatoboa tundu dogo ndani ya mfereji wake, ambalo freti hulifunika ikirudi. Ulimi wa ubao wa vidole unaolala juu ya uso niliuachisha kwa chuma chenye joto na kisu chembamba, polepole, nikisikiliza zaidi kuliko kutazama. Kisha mvuke kupitia sindano. Hapa ndipo mafundi wanapoharibu. Mvuke ukipenya nje, vanishi ya nitroselulosi huota ukungu mweupe, na ukizidi, maji yanalegeza gundi za mataruma ambayo hukutaka kuyagusa. Nilikaa dakika kadhaa nikifuta kila tone. Shingo ilitoka kwa mlio mdogo wa kunyonya, kama gongo linalotoka topeni. Upande mmoja wa kisigino uliota ukungu wa ukubwa wa punje ya mchele. Sikuupenda, lakini ulififia wenyewe baada ya siku kadhaa.

Ndani ya mfuko gundi ilikuwa ya rangi ya asali, haijaguswa tangu kiwandani. Hapo kijana, aliyekuwa amekaa pembeni asubuhi nzima, aliomba aishike shingo. Aliitazama ile mbao ya ndani, rangi yake mbichi kama iliyopasuliwa jana, akasema baba mkubwa hakuwahi kuiona.

Niliiacha ikauke kabisa. Kuchonga kulichukua saa nyingi kwa milimita moja, kwa kuwa pande mbili za kisigino zinapaswa kukaa mwilini bila mwanga kupita, na shingo isiegemee kulia wala kushoto. Vipande vyembamba vya mahogani vilijaza ulimi ubane tena mfukoni. Gundi ya ngozi, ili atakayekuja baada yangu naye apate ufunguo. Freti ya 15 ileile ikarudi.

Ambayo sikufanya: sikubadilisha freti, ingawa tatu za kwanza zilikuwa na mikwaruzo ya kutu. Sikukibadilisha kijifupa cha daraja, kile kirefu kinachopita kutoka mwisho hadi mwisho, mtindo ambao Martin waliuacha miaka michache baadaye. Sikuligusa kwa nta wala mafuta yoyote ya kung'arisha. Nyuzi za kutu za mzee na pini moja ya daraja iliyovunjika nilizitia kwenye bahasha, pamoja na karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada, ikakaa kwenye kijisanduku cha ndani ya kasha.

Kimo kikawa milimita 2.4. Kuhusu sauti, nitasema kwa tahadhari. Wapo wanaoamini kwamba gitaa lililolala hupata sauti kadiri linavyopigwa. Nimewahi kuhisi hivyo, lakini nyuzi mpya na kidole kisichouma vinatosha kumdanganya mtu, na sitaki kuuza hisia. Nilichosikia kwa hakika ni kwamba nyuzi, zikiwa na mteremko sahihi juu ya daraja, ziliusukuma uso ambao awali ulikuwa kama umezibwa mdomo. Noti za chini zilikuwa fupi na kavu, kama mahogani inavyotoa, kila moja peke yake.

Kijana aliuliza alihifadhije sasa. Unyevu wa hewa kati ya asilimia 45 na 55, kipima unyevu ndani ya kasha, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Akijua hatalipiga miezi kadhaa, ashushe nyuzi sauti moja nzima, asizilegeze zikaning'inia. Na kila akibadilisha nyuzi, alaze rula.

Mnunuzi alitumiwa picha zote, ufa na shingo mkononi. Alijibu kwa adabu kwamba anatafuta lisiloguswa. Kijana hakumtafuta mwingine.

Baada ya miezi minane alilirudisha, freti ya pili ikiwa imeanza kuota kijishimo chini ya uzi wa kwanza. Nililaza rula kabla sijasema neno. Ncha ilitua juu ya daraja. Pembeni ya kibamba, kwenye vanishi iliyokuwa kioo kwa miaka sitini, kulikuwa na mikwaruzo miwili mipya ya kucha. Akaanza kuniomba radhi.